Tunagombania Tofali la Dhahabu, Mashudu Tunamwachia Nani?

Mlionitumia meseji mkiuliza mbona kimya, sijadisko jamani, tehe tehe. Niko likizo nyumbani, mtandao wa huku unakuja na kuondoka kama mvua yetu, kwa hiyo hii nimeiandika kwenye daftari kwanza. Ni ndefu. Aliye na haraka aende akacheki matokeo ya ligi.

Leo sina habari za mabweni wala za boom kuchelewa. Nina hasira, na nataka niitoe kwa mpangilio.

Wengi mnajua kwamba mwaka wa mwisho lazima uwe na projekti. Mimi nilipeleka kichwa cha habari kinachosema hivi: kubuni mchakato wa kikemia wa kurudisha madini ya thamani kutoka kwenye mabaki ya kiwanda cha kusafisha dhahabu. Nikasimama mbele ya jopo na slaidi zangu sita. Mmoja wa wakubwa akanikatisha kwenye slaidi ya pili: "Kijana, mabaki ni takataka. Tafuta kitu kikubwa." Watu wakacheka. Nikaandika barua kwa kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, nikiomba kilo mbili tu za mabaki nizipime. Jibu likawa fupi: mabaki hayatoki getini.

Sasa tazameni hapo. Kwa mkubwa wetu mabaki ni takataka, ila kwa mwenye kiwanda ni kitu kisichotoka getini. Mmoja kati ya hao wawili anajua biashara, na kwa bahati mbaya siye anayenifundisha.

Hoja yangu ya leo ni moja. Nchi hii inapiga kelele kuhusu tofali la dhahabu, lakini akili ya uchenjuaji iko kwenye kile kinachobaki baada ya tofali kutoka. Tusipojifunza kupima na kuchenjua mabaki wenyewe, tutaendelea kuwa watu wa kuambiwa kilichomo kwenye mali yetu.

MASHUDU

Nianze na kitu ambacho kila mtu wa Chemba anakijua. Hapa kwetu tunalima alizeti. Ukipeleka mashineni unapata mafuta, na pembeni yanabaki mashudu. Mkulima mwenye haraka anabeba ndoo yake ya mafuta anaondoka, mashudu anamwachia mwenye mashine kama sehemu ya malipo. Mama yangu hafanyi hivyo hata siku moja. Anayabeba yote, maana anajua ng'ombe anayala, kuku anayala, na ana mnunuzi.

Na yapo mengine ambayo mama haoni. Mashine zetu ndogo zinakamua kwa kukandamiza, kwa hiyo ndani ya yale mashudu makavu bado kuna mafuta. Kiwanda kikubwa kinaweza kuyanunua kwa bei ya chakula cha mifugo, kikayaosha kwa kimiminika kinachoitwa heksani, kikatoa mafuta mengine safi, halafu kikauza tena mashudu yaleyale kwa wafugaji. Alizeti ile ile imelipa mara tatu. Mkulima alilipwa mara moja.

Mabaki ya kiwanda cha dhahabu ni mashudu. Hakuna siri zaidi ya hiyo.

MNAKUMBUKA MAKINIKIA?

Machi 2017 Rais Magufuli alipiga marufuku kusafirisha makinikia nje. Makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei 2017 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasoma ripoti: wastani wa dhahabu gramu 1,400 kwa tani, sawa na kilo 28 kwa kontena, jumla tani 7.8 hivi kwa makontena yote. Takwimu zilizokuwa zinatumika kabla zilikuwa gramu 200 hivi kwa tani, yaani kilo 4 kwa kontena, jumla tani 1.1 hivi. Kampuni ya Acacia ikaikataa ripoti.

Mimi sichukui upande hapa, na mkitaka kugombana kisiasa nendeni kwenye blogu nyingine. Ninachotaka muone ni hii mara saba. Mchanga uliokuwa umekaa kwenye bandari yetu wenyewe ulikuwa na majibu mawili yanayopishana mara saba! Nchi nzima ikabishana kwenye daladala, vijiweni, bungeni. Na wakati huo sisi watu wa kemia tulikuwa wapi? Tulikuwa tunakariri jedwali la elementi kwa ajili ya mtihani.

Tena mjadala wote uliishia kwenye kontena. Wachache sana waliuliza makinikia yakifika kule Japani, Uchina au Ujerumani yanafanywaje. Ngoja niwaambie, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yalikuwa na shaba nyingi, dhahabu na silva. Kule yanayeyushwa, yanatolewa salfa na chuma, inapatikana shaba chafu. Hiyo inamwagwa kuwa mabamba mazito, yanatumbukizwa kwenye maji yenye asidi ya salfuriki na kupitishiwa umeme. Shaba inayeyuka kutoka bamba moja na kwenda kujibandika kwenye bamba la pili ikiwa safi asilimia 99.99. Dhahabu haiyeyuki. Silva nayo haifiki ng'ambo. Zinadondoka chini ya tangi pamoja na seleniamu, teluriamu na wakati mwingine platinamu na paladiamu, zinakuwa tope jeusi. Wanaliita tope la anodi.

Wadau, dhahabu tuliyoipigia kelele mwaka mzima ilikuwa inaokotwa kwenye TOPE LA MABAKI. Mwenye kinu cha shaba anaishi kwa shaba, lakini anachekea tope. Emil Wohlwill, mkemia wa kiwanda cha kusafisha metali pale Hamburg, alibuni mwaka 1874 njia ya kusafisha dhahabu kwa umeme. Ni miaka mingi kuliko umri wa Tanganyika yenyewe. Na sisi mwaka 2020, baada ya serikali kukubaliana na Barrick, yale makontena yaliyolundikana yakaanza tena safari ya kwenda nje kuwa tope la watu wengine.

Mtaniambia kinu cha shaba ni ghali na kinahitaji makinikia mengi sana kila mwaka ili kijilipe. Kweli kabisa, sibishi. Na ndiyo maana naongelea mabaki. Kuyeyusha shaba kunahitaji ukubwa ambao hatukuwa nao. Kuchenjua mabaki ya kiwanda cha dhahabu kunahitaji ndoo zinazohimili asidi, machujio, chemba ya kuvuta moshi, mizani nzuri na kichwa kinachofikiri. Kwenye mabaki udogo wetu si kikwazo.

VIWANDA SASA TUNAVYO

Juni 2021 Rais Samia alizindua kiwanda cha kusafisha dhahabu Mwanza, ambacho STAMICO ina ubia ndani yake, na uwezo uliotajwa ni kilo 480 kwa siku. Geita kuna Geita Gold Refinery. Hapa hapa Dodoma kuna Eyes of Africa. Kuanzia Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wakatakiwa kutenga asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe na kuuzwa ndani ya nchi, na Benki Kuu ikawa mnunuzi. Safi sana. Napongeza kwa mikono miwili.

Ila kila kilo inayoingia kusafishwa inaacha kitu nyuma. Hebu tupige hesabu ya darasani, namba ni za mfano wangu tu. Chukua kilo 10 za dhahabu ya mchimbaji mdogo: asilimia 90 dhahabu, asilimia 8 silva, asilimia 2 shaba na wenzake. Ndani kuna kilo 9 za dhahabu, gramu 800 za silva na gramu 200 za mchanganyiko.

Unaiyeyusha kwenye akwa rejia, ule mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na ya naitriki. Dhahabu inaingia kwenye maji, maji yanakuwa ya rangi ya machungwa. Silva haiingii, inageuka unga mweupe wa silva kloraidi. Gramu 800 za silva zinakupa gramu 1,060 hivi za unga huo. Unachuja. Kwenye maji unaweka sodiamu metabaisalfaiti, dhahabu inaanguka chini kama matope ya kahawia, unaosha, unayeyusha, unamwaga tofali. Picha, makofi, mkasi kwenye utepe.

Sasa wageni wameondoka. Hesabu kilichobaki: unga mweupe wa silva. Maji machafu yenye shaba, nikeli, zinki, dhahabu kidogo iliyogoma kuanguka, na platinamu au paladiamu kama ilikuwepo. Karatasi za machujio. Vyungu vya kuyeyushia vilivyonyonya metali. Slagi, ile glasi nyeusi ya boraksi yenye punje za dhahabu ndani. Vumbi la bomba la moshi. Vumbi la sakafu.

Tuseme mabaki yote hayo yameshika dhahabu asilimia 0.2 tu ya iliyoingia. Ni gramu 18 kwa mzunguko mmoja. Mizunguko 100, kilo 1.8. Mwaka 2025 aunsi ya dhahabu ilivuka dola 4,000. Aunsi ni gramu 31.1, kwa hiyo kilo 1.8 ni aunsi 58 hivi, zaidi ya dola 230,000. Bado hujagusa zile kilo 80 za silva. Hiyo ndiyo "takataka" niliyochekewa kwenye slaidi ya pili.

Sonara yeyote anajua hili bila digrii. Vumbi la meza yake halitupwi. Anafagia, anatunza, anachoma, anaosha.

MCHAKATO WENYEWE

Kwa kuwa jopo halikufika slaidi ya tatu, nyie fikeni. (Na tafadhali msiende kujaribu bwenini, ile hewa ya kahawia inayotoka kwenye asidi ya naitriki inaua mapafu.)

Kwanza, usichanganye. Kila aina ya mabaki na chombo chake, na lebo yake. Hili ni la usalama kabla ya kuwa la fedha. Mabaki yenye sayanaidi yakikutana na asidi yanatoa gesi ya kuua, na hakuna cha kusema samahani.

Pili, pima kabla ya kugusa. Machujio yachomwe yawe majivu, slagi isagwe, vyote vichekechwe, vichanganywe sawasawa, ichukuliwe sampuli, ipelekwe maabara mbili tofauti. Hapa ndipo kidonda cha 2017 kilipo. Sampuli mbaya inazaa namba mbaya, na namba mbaya inazaa ugomvi.

Tatu, unga mweupe wa silva. Unauweka kwenye asidi hafifu pamoja na vipande vya chuma. Chuma kinachukua kloraidi, silva inabaki peke yake, unga unageuka kijivu. Osha, kausha, yeyusha.

Nne, maji machafu. Tumbukiza shaba chakavu, nyaya za umeme zilizochunwa zinatosha. Dhahabu, platinamu na paladiamu zinaiachia shaba nafasi kwenye maji, zenyewe zinaanguka kama tope jeusi. Baada ya hapo weka chuma chakavu, nayo shaba inaanguka. Mwisho weka chokaa, chuma, zinki na nikeli viwe tope unaloweza kulichuja. Maji yapimwe ndipo yaachiwe.

Tano, lile tope jeusi linarudi kwenye akwa rejia kidogo, dhahabu inatolewa kama mwanzo, na platinamu inaangushwa kwa amoniamu kloraidi kama unga wa njano. Slagi na vyungu vinasagwa, punje zinaokotwa kwa chekeche na meza ya kutikisa.

Hakuna uchawi hapo. Yote yako vitabuni miaka mingi. Kinachohitaji ubunifu ni kuyapanga kwa mabaki YETU: shaba kiasi gani, zebaki imo au haimo, maji yapo kiasi gani, umeme ukikatika katikati inakuwaje. Mzungu hawezi kukujibia hayo kutoka kwenye katalogi yake.

WANAOPINGA

Najua watakaokuja kwenye maoni, kwa hiyo tumalizane mapema.

Wa kwanza atasema kiasi ni kidogo, bora mabaki yauzwe nje kwa wenye viwanda vikubwa. Ndugu yangu, anayenunua mabaki yako anakulipa kwa metali ulizozijua na kuziandika kwenye mkataba, akitoa gharama zake. Kama hukupima paladiamu, paladiamu uliitoa bure. Uza kama hesabu inakuambia uuze, lakini uza ukiwa umepima. Vinginevyo wewe ni yule mkulima na ndoo yake ya mafuta.

Wa pili atasema dhahabu yetu haina platinamu ya maana. Inawezekana! Mimi sidai ipo. Nadai ipimwe. Kule Sudbury, Kanada, watu walichimba nikeli na shaba. Mabaki ya kusafisha nikeli yakapelekwa kiwanda cha Acton, London, miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1930 Kanada ikawa inaongoza duniani kwa platinamu ambayo hakuna aliyeichimba kwa jina lake. Sisi tuna nikeli ya Kabanga, na mwaka 2024 serikali ilitoa leseni ya kiwanda cha kusafisha metali mbalimbali Kahama, kwenye eneo la mgodi wa zamani wa Buzwagi. Swali la mabaki liulizwe kwenye michoro ya kwanza. Tusingoje makontena yafike bandarini.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu. Atasema kemikali hizi ni hatari kwa mazingira. Kweli, na ndiyo sababu kubwa kuliko fedha. Mtu wa Chemba hahitaji kufundishwa thamani ya maji. Tunakunywa ya kisima kirefu, tunapanga foleni na madumu. Jiji la Dodoma linategemea visima vya Makutupora, na bwawa linalokusudiwa kulisaidia ni la Farkwa, wilayani kwetu. Maji ya asidi yenye shaba yakimwagwa kwenye ardhi hii kavu hayapotei, yanasubiri. Mchakato unaorudisha madini ndio huohuo unaosafisha maji kabla hayajatoka. Anayetupa mabaki anapoteza mali na kutunywesha sumu kwa mpigo mmoja.

ANAYEKULA KIINI

Msidhani hili ni la viwanda vikubwa tu. Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo upande wa Geita nililiona lilelile kwa wachimbaji wadogo, ila kwa jina jingine. Mchimbaji anapeleka mawe kwenye karasha, yanasagwa, anakamatisha kwa zebaki, anapata chake. Kwa kawaida zebaki inakamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Iliyobaki imo kwenye mchanga, ambao pale wanauita marudio, na marudio mara nyingi ni ya mwenye karasha. Yeye anayapeleka kwenye plant ya sayanaidi na kuchota kilichobaki. Mzee mmoja aliniambia, mikono yake ikiwa na nyufa kama ardhi ya kiangazi: "Mwanangu, sisi tunakula ganda. Kiini anakula mwenye marudio."

Yule mzee hajaibiwa na mtu mwenye bunduki. Hakuna aliyemwonyesha tu kwenye mizani kwamba kilichobaki ni kingi kuliko alichobeba. Mchimbaji mbele ya karasha, nchi mbele ya kontena, kiwanda mbele ya ndoo ya maji machafu: wote wanaondoka na ndoo ya mafuta.

NINACHOTAKA

Moja. Kila kiwanda cha kusafisha dhahabu kitoe hesabu ya kilichoingia na kilichotoka, mabaki yakiwemo, kwa Tume ya Madini. Kama tofali linaandikwa hadi gramu, slagi nayo iandikwe.

Mbili. Viwanda vitoe sampuli kwa vyuo. Gramu 500 tu, kwa karatasi za makabidhiano. Tukiiba dhahabu ya kwenye gramu 500 za majivu tufungwe.

Tatu. Vyuo viache kuhukumu projekti kwa ukubwa wa kichwa cha habari. Tumechoka na projekti za kubuni kiwanda cha mabilioni ambacho hata mwandishi wake hajui bomba la kwanza linaanzia wapi.

Nne, hii ni yetu wanafunzi. Tuache kusoma kemia kama msahafu wa kukariri kisha kuusahau baada ya pepa. Mnaojua stanasi kloraidi inageuza tone la dhahabu kuwa zambarau kwa sababu ilitoka kwenye pasti pepa, jiulizeni kama mnaweza kulitumia tone hilo kumwambia mwenye kiwanda "usimwage bado". Hiyo dakika moja ndiyo mshahara wenu wote wa baadaye.

Mimi kichwa changu cha habari sikibadilishi. Muhula ukifungua nakirudisha kwenye jopo vilevile, neno kwa neno, ila safari hii hesabu ya kilo 1.8 nitaiweka kwenye slaidi ya kwanza. Mwenye mjomba kwenye kiwanda chochote aniunganishe. Mwenye hoja ya kupinga aje na namba, matusi hapana.

Nawasilisha.